Grisi ina chimbuko: kuchafua chasisi ya lori la modeli la 1/24

Modeli nyingi za malori huharibikia hatua ya mwisho. Kebini imetoka safi, vioo havina alama ya gundi, halafu chasisi nzima inamwagiwa maji meusi na lori linaonekana kama limetolewa kwenye tanuri la mkaa. Kinachokosekana hapo mara nyingi ni swali moja tu: huu uchafu umetoka wapi?

Kwenye lori la kweli grisi haijitawanyi ovyo. Inachomoza kwenye krosi (kiungo) ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, fundi anapopiga grisi, inavuja kwenye oili sili iliyochoka (mpira wa kuzuia oili) ya difu, yaani sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma, inaganda kwenye pini za springi, inatapakaa kwenye sahani ya kuunganishia tela. Ikishatoka kuna kitu kinachoipeleka: uzito wake yenyewe, upepo wa mwendo, au shafti inayozunguka na kuirusha. Kisha vumbi la barabara linanasa juu yake. Ule uchafu mzito unaouona chini ya semi una vumbi zaidi kuliko mafuta. Mafuta yamefanya kazi ya gundi. Ukishika hilo, karibu kila uamuzi ulioelezwa hapa chini utaufikia mwenyewe.

Mfano ninaoutumia ni Scania 143M ya Italeri, modeli ya plastiki ya 1/24. Ni kichwa chenye ekseli moja ya nyuma, chasisi iko wazi nyuma ya kebini kwa hiyo kazi yako itaonekana, na Scania za umri huo ni sura ambayo msomaji wa Iringa au Mbeya ameshaizoea, zikipandisha mlima Kitonga na mzigo. Ukiwa na Kenworth au Peterbilt ya 1/25 kutoka AMT mbinu ni zile zile. Angalia tu bomba za hewa za tela: za Ulaya ni nyekundu na njano, za Marekani nyekundu na buluu.

Kabla ya rangi, hesabu. Kwa 1/24, milimita 1 kwenye modeli ni sentimita 2.4 kwenye lori. Mchirizi wa oili wenye upana wa milimita 6 kwenye gari la kweli unatakiwa uwe robo milimita. Brashi namba 1 ikishiba rangi huacha mstari wa milimita nzima, yaani mchirizi mpana kuliko kidole gumba, na hakuna difu inayovuja hivyo ikaendelea kutembea. Donge la grisi la sentimita 2, ambalo ni donge kubwa hasa, ni milimita 0.8. Chochote kinachozidi hapo jicho litakitambua kuwa ni rangi iliyolundikana.

Halafu nenda kaangalie malori. Sehemu nzuri ni pale yanapopanga foleni au kupumzika: Mariakani, Mlolongo, Vigwaza, Malaba. Mwombe dereva au utingo ruhusa kwanza na umweleze unachotaka kupiga picha, maana mtu anayechuchumaa chini ya lori la mtu na simu mkononi ana haki ya kutiliwa shaka. Piga kila sehemu mara mbili, mwanga ukiwa nyuma yako na mwanga ukikujia mbele. Picha ya kwanza inaonyesha rangi. Ya pili inaonyesha mahali panapong'aa na mahali palipofifia, na huo mpishano wa kung'aa na kufifia ndio unaoifanya grisi ionekane grisi. Rangi peke yake haitoshi.

Vifaa, na kwa nini ni hivi

Rangi za mafuta za wachoraji, tyubu tatu: Burnt Umber, Ivory Black na Yellow Ochre. Zile za bei ya wanafunzi zinatosha. Waiti spiriti isiyo na harufu kali, ya kuzimulia rangi. Vanishi ya enameli inayong'aa, kama Humbrol namba 35. Unga wa rangi wa aina tatu: kahawia iliyoiva, nyekundu ya udongo, na kijivu au maziwa kwa vumbi jepesi. Penseli ya 6B. Brashi bapa ya milimita 3, brashi ya ncha namba 0 na nyingine 000, na brashi moja kuukuu iliyochanuka. Pamba za masikio, vijiti vya meno, kipande cha sponji.

Unga wa rangi ukikosekana, sugua chaki laini za kuchorea kwenye msasa. Udongo wa kweli nao unafaa kwa rangi yake, lakini utwange kwenye kinu na uupitishe kwenye soksi nyembamba ya kike mara tatu au nne. Punje ya milimita 0.1 isiyoonekana kidoleni mwako ni kokoto ya milimita 2.4 kwenye modeli, na ukiziacha chasisi itaonekana imemwagiwa changarawe.

Kuhusu rangi za mafuta kuna jambo ambalo wengi wamefundishwa na hapa linageuka. Kwa kawaida unaambiwa uiweke rangi kwenye kadibodi saa chache ili kadibodi inywe mafuta ya kitani na rangi ikauke bila kung'aa. Hiyo ni sahihi kwa vumbi na kutu. Kwa grisi usifanye. Yale mafuta ya kitani ndiyo yanayokupa mng'ao mzito unaoutaka, basi ikamue kwenye kipande cha plastiki au kigae na uitumie ikiwa na mafuta yake.

Rangi hizi hazikauki kwa kukaukiwa maji. Mafuta yake yanashika hewa na kugeuka kuwa gumu, na kasi hiyo inategemea rangi yenyewe. Umber ina manganizi ndani yake, ambayo inaharakisha. Nyeusi ya kaboni inachelewa sana. Grisi iliyochanganywa kwa nyeusi tupu inaweza kukaa wiki mbili bado inanata. Ndiyo maana mchanganyiko wa msingi hapa ni sehemu 2 za Burnt Umber kwa sehemu 1 ya Ivory Black. Utando mwembamba unakauka kwa siku 2 au 3, na madonge yanahitaji wiki au zaidi. Tena mchanganyiko huo unakuokoa na kosa la pili: grisi iliyozeeka si nyeusi ya wino, ni kahawia iliyokaribia nyeusi, na kwenye kitu kidogo kama modeli weusi mtupu unasomeka kama tundu.

Grisi ya kweli, ile ya kopo, isikaribie modeli. Haikauki kamwe, inakusanya nyuzi za nguo, inatambaa polepole hadi kwenye kebini, na baada ya mwezi mmoja modeli haishikiki.

Mpangilio

Rangi ya chini ya chasisi iwe ya akriliki (rangi ya maji), iliyokauka walau saa 24. Waiti spiriti haiigusi akriliki iliyokauka. Ukiwa umepaka chasisi kwa enameli, waiti spiriti ile ile itaifungua na utasugua hadi plastiki. Hakuna namna ya kuzunguka hapo isipokuwa kupuliza vanishi ya akriliki katikati na kusubiri.

Baada ya rangi: vanishi inayong'aa, halafu rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana kwa waiti spiriti ili iingie kwenye mashimo na pembe za bolti, halafu vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu, halafu vumbi, na grisi mwisho, pamoja na vumbi litakalonasa juu yake. Watu huihamishia vanishi isiyong'aa mwisho kwa kuwa wanataka kuifunga kazi yote kwa vanishi. Vanishi isiyong'aa ikishapita juu ya grisi, grisi imekufa. Inabaki doa la kahawia lisilo na maana. Kama unalazimika kufunga vumbi, lifunge kabla ya grisi.

Kwa wanaofanya kazi hii Mombasa, Dar au Zanzibar: msipulize vanishi isiyong'aa siku za mvua au usiku wenye unyevu. Unyevu wa hewa unanaswa kwenye vanishi inapokauka na uso unaota ukungu mweupe. Puliza kuanzia saa nne asubuhi siku kavu, matabaka mawili mepesi badala ya moja zito. Ukungu ukishatokea, tabaka jembamba la vanishi inayong'aa mara nyingi huurudisha, ingawa itabidi uanze tena kufifisha.

Waiti spiriti ina hatari moja inayowapata hata wenye uzoefu. Plastiki ya modeli ikiwa imebanwa au imepindishwa, mathalani springi iliyolazimishwa kuingia kwenye shikizo lake au ekseli iliyovutwa kidogo ili magurudumu yote yaguse meza, inakuwa na mvutano ndani yake. Waiti spiriti ikituama kwenye maungio hayo inapenya, na kesho yake unakuta pini imekatika bila kuguswa. Basi hakikisha kila kitu kimeingia bila nguvu, paka rangi pande zote hata zisizoonekana, tumia waiti spiriti kidogo, na dimbwi lolote lililobaki pembeni lifyonze kwa pamba ndani ya dakika moja. Fungua dirisha pia, na chupa ikae mbali na jiko.

Sahani ya kuunganishia tela

Hapa ndipo lori la modeli linapopata au kukosa. Ni sehemu ya kwanza ambayo mtu anayejua malori ataitazama, na ndiyo yenye grisi ya makusudi: inapakwa ili tela igeuke juu yake bila kusaga chuma.

Ifanyie kazi ikiwa haijafungwa kwenye chasisi. Ibandike kwenye kijiti kwa mkanda wa gundi. Rangi ya chini iwe ya chuma kilichoiva. Tamiya X-10 inafaa. Ikikauka, sugua ncha ya penseli ya 6B kwenye msasa upate unga, na uupake kwa kidole au pamba kwenye mabega mawili ya sahani na kwenye miteremko ya nyuma. Hapo ndipo tela inapolala na kukwangua. Usiguse ndani ya koo la sahani, pale pini ya tela inapoingia. Humo hakuna mng'ao wa chuma, kuna grisi tu.

Sasa fikiria mwendo. Tela inageuka ikizunguka pini yake, kwa hiyo mikwaruzo yote juu ya mabega ni mapinde yenye kitovu kimoja, katikati ya tundu la pini. Kwenye miteremko ya nyuma hali ni tofauti: hapo bamba la tela linapanda wakati wa kufunga, likisukuma kutoka nyuma kwenda mbele, na mikwaruzo yake ni mistari iliyonyooka. Modeli nyingi zina grisi iliyosuguliwa kwa duara ovyo mahali pote, na jicho linajua kuwa kuna kitu hakiko sawa hata kama mwenye jicho hawezi kukitaja.

Changanya Burnt Umber sehemu 2, Ivory Black sehemu 1, na kwa kiasi cha ukubwa wa punje ya harage ongeza tone moja la vanishi ya enameli inayong'aa. Usiweke vanishi ya akriliki kama Tamiya X-22. Haichanganyikani na mafuta, itaganda vipandevipande kama maziwa yaliyokatika. Kwa brashi bapa paka utando kwenye mabega yote. Subiri dakika 10. Halafu chukua bikari ya shule, ondoa penseli na uweke kijiti cha meno mahali pake. Ncha ya sindano iweke kwenye kitovu cha tundu la pini (kipande cha kadibodi chini yake kitaishikilia), na kwa kijiti chora mapinde mafupi ndani ya grisi mbichi, mengine mepesi, mengine ya kufika hadi kwenye chuma. Mapinde 6 au 7 kila bega yanatosha. Kwenye miteremko ya nyuma vuta kijiti kwa mkono, ukinyoosha.

Grisi iliyokwanguliwa lazima iwe imekwenda mahali. Uzito wa tela unaikamua pembeni, kwa hiyo ongeza ukingo wa grisi kwenye kingo za nje na za mbele za sahani, kimo cha milimita 0.3 hadi 0.5. Kwa ukingo huu mchanganyiko uwe mzito: ongeza unga wa rangi ya kahawia hadi uwe kama siagi ya karanga, na uupachike kwa kijiti kwa kugusagusa, usiupake. Mdomo wa koo la sahani upate donge lililo zito kuliko yote. Katika ukingo huo weka sehemu moja au mbili zenye Yellow Ochre kidogo, kama grisi mpya ambayo bado haijaiva. Zisizidi mbili, ukiweka nyingi itaonekana haradali.

Acha saa 24. Grisi itakuwa imeshika utando juu lakini bado inanata, na huo ndio wakati wa vumbi. Chukua unga wa rangi ya udongo kwa brashi kavu, ushike juu ya ukingo na upige mpini kwa kidole ili vumbi lidondoke lenyewe. Puliza kwa mdomo. Litakaloganda limeganda pale ambapo lingeganda kwenye lori. Mabega yenyewe, yanayosuguliwa kila kona, yabaki yanang'aa. Kama lori lako limesimama bila tela kwa muda mrefu, vumbi liende kila mahali na mapinde yaonekane kwa mbali chini yake.

Ukingo wa nyuma wa chasisi na juu ya madigadi kuna vidonge vya grisi vilivyodondoka tela ikifungwa na kufunguliwa. Vitatu, vinne, ukubwa wa ncha ya sindano. Na ukitengeneza tela, bamba lake la chini lina alama hizo hizo kinyumenyume; kulisahau ni kosa linaloonekana kila tela inapopigwa picha ikiwa imefunguliwa.

Propela na difu

Krosi ya propela inazunguka na inarusha grisi kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye krosi yenyewe. Matokeo yake ni mkanda wa madoa kwenye pande za ndani za chasisi na kwenye boriti iliyo karibu, mkabala kabisa na krosi, wala si mbele wala nyuma yake. Kata ufa wa milimita 4 kwenye karatasi, uushike mbele ya sehemu hiyo, na rusha rangi kwa kukwangua nywele za brashi kuukuu kwa kijiti, umbali wa sentimita 3 au 4. Mara mbili za kwanza rusha kwenye karatasi chakavu, kwa kuwa matone ya mwanzo huwa makubwa. Tone linalozidi milimita 0.3 lifute. Mwili wa propela ubaki na vumbi kavu, na weusi ukae milimita 2 au 3 tu karibu na krosi.

Difu inavuja mbele, kwenye sili ya pinioni, pale propela inapoingia. Oili inashuka kwenye uso wa difu, inafika chini, na upepo wa mwendo unaisukuma nyuma ikiwa imepakaa tumbo lote. Kwa hiyo nusu ya juu ya difu ni vumbi kavu, nene, na nusu ya chini ni nyeusi yenye unyevu. Anza na uji wa unga wa rangi na waiti spiriti, udonoe kwa brashi iliyochanuka juu ya nusu ya chini ili upate mparuzo. Usishtuke ukiona umekuwa mweusi mno: unga ukilowa unaiva, ukikauka unarudi nyuma. Hukumu kesho.

Kisha oili yenyewe, kwa matabaka matatu. La kwanza jepesi, sehemu 1 ya mchanganyiko kwa sehemu 5 za waiti spiriti, pana, lisilong'aa. La pili, baada ya siku moja, 1 kwa 3, jembamba kuliko la kwanza na lianzie kwenye sili. La tatu ni mchirizi mmoja wa brashi 000, rangi na tone la vanishi, unaong'aa, na tone moja linaloning'inia chini kabisa. Kila tabaka dogo kuliko lililotangulia, na jeusi zaidi. Uvujaji wa miezi unasomeka hivyo: doa la zamani limemeza vumbi, la jana bado bichi.

Ikiwa tabaka la kwanza limeacha duara lenye ukingo mweusi, sababu ni kwamba waiti spiriti ilituama, na ilipokauka ikasukuma rangi yote pembeni. Loanisha ukingo huo kwa brashi safi yenye waiti spiriti kidogo na uuvute nje mpaka ufifie. Safari ijayo tangulia kulowesha eneo lote kwa waiti spiriti tupu, ndipo uguse rangi katikati.

Sehemu nyingine, kwa haraka

Springi hazihitaji mng'ao. Kutu nyepesi kati ya jani na jani, vumbi juu, na grisi iliyozeeka iliyovimba kwenye pini za mbele na nyuma tu, pale penye vitundu vya kupigia grisi. Kila kitundu kipate nukta moja inayong'aa katikati ya uchafu uliofifia. Nukta hiyo inasema fundi amepita hivi karibuni.

Injini ya modeli hii imefunikwa na kebini, basi fanya yale yatakayoonekana kebini ikiinuliwa: mstari mwembamba chini ya gasketi za vifuniko vya juu, michirizi miwili mitatu inayoshuka na kulalia nyuma, na sampo (bakuli la oili chini ya injini) iliyolowa. Karibu na turbo na eksozi hakuna mafuta mabichi. Joto limeyachoma yakawa madoa makavu ya kahawia na masizi.

Tanki la dizeli ni habari nyingine. Dizeli inayomwagika wakati wa kujaza inasafisha kwanza, halafu inachafua. Chini ya kifuniko kunakuwa na ulimi ambapo vumbi limeoshwa na rangi ya tanki inaonekana, na kingo za ulimi huo zina vumbi lililosukumwa. Kwa hiyo weka vumbi kwenye tanki kwanza, halafu kwa brashi yenye waiti spiriti tupu vuta kutoka kwenye kifuniko kwenda chini, mara moja, bila kurudia. Ikikauka, vuta mchirizi wa Burnt Umber iliyozimuliwa kwa waiti spiriti 1 kwa 8 yenye tone la vanishi, katikati ya ulimi. Nyeusi isiwepo kabisa hapa.

Ngoma za breki ni kavu: kutu ya kahawia na vumbi, basi. Oili kwenye breki ni gari linalotakiwa kusimamishwa, na fundi yeyote atakayeiona modeli yako atakuuliza. Kama kweli unataka kuonyesha sili iliyokufa ya habu (kitovu cha gurudumu), fanya gurudumu moja tu, michirizi myembamba inayotoka kwenye kifuniko cha habu kwenda kwenye ukingo wa rimu kama mionzi, pande zote sawa, kwa kuwa gurudumu linazunguka. Michirizi yote ikishuka chini, umechora gari lililovuja likiwa limeegeshwa.

Matairi ya Italeri ni laini, si ya plastiki ngumu, na kilainishi kilicho ndani yake kinagombana na enameli na mafuta: rangi inabaki inanata miezi na miezi. Tumia akriliki na unga wa rangi tu. Vumbi liingie kwenye meno ya tairi na ubavuni, halafu futa sehemu inayokanyaga kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu barabara huifuta.

Kwenye ngazi za kebini na pembeni ya mpini wa mlango, uchafu ni wa mikono na viatu. Ngazi: vumbi pembeni, katikati pamesuguliwa hadi chuma kwa penseli. Mpini: kivuli cha Burnt Umber kilichosambazwa kwa pamba kavu mpaka karibu kisionekane. Ukiweza kukiona kwa urahisi, kimezidi.

Ukiiweka modeli kwenye kipande cha ardhi, usisahau kilicho chini yake. Lori lililoegeshwa mahali pamoja kila usiku lina doa chini ya difu na jingine chini ya sampo: duara lisilo sawa la milimita 10 hadi 15, kahawia iliyofifia, lililonyweshwa kwenye udongo kwa rangi ya mafuta na waiti spiriti 1 kwa 6. Katikati yake nukta tatu au nne nyeusi zinazong'aa, mkabala kabisa na tone lile linaloning'inia kwenye difu. Lishushe lori juu yake mara mbili, uangalie kwa ubavu kama zimelingana, kabla ya kuligundisha.